OILI NDANI YA MAJI YA REJETA: DEREVA ASIKATWE MSHAHARA KABLA GARI HALIJAPIMWA



Wako watakaouliza habari ya rejeta ya matatu ina uhusiano gani na chama cha watu wa reli. Nawajibu hivi. Mshahara wa wengi wetu haufiki mwisho wa mwezi, kwa hiyo katika nyumba nyingi za wanachama, hapa Kibera na kule Kawangware, kuna kijana anayeendesha matatu, au ndugu aliye fundi wa jua kali, au gari kuukuu la Kijapani lililonunuliwa kwa mkopo wa ushirika ili lilete chochote jioni. Gari hilo likiharibika, inayolala njaa ni nyumba ya mfanyakazi. Na katika magonjwa yote ya gari sijaona linaloleta ugomvi na kukatana mishahara kama hili la oili kuonekana ndani ya maji ya rejeta.

Mambo huwa hivi. Asubuhi dereva hufungua kifuniko cha rejeta aongeze maji, naye huona utando mweusi umeelea juu, au uji wa rangi ya chai ya maziwa umeganda kwenye mdomo wa rejeta. Hapo hapo hukumu hutolewa na watu watatu. Makanga husema gaski ya hedi imekwisha. Fundi wa kwanza kuitwa husema hedi imepasuka, itafutwe nyingine Grogan. Mwenye gari, ambaye pengine hajashika spana tangu azaliwe, husema dereva ameichemsha injini, na atailipa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima kitu. Mimi nasema hukumu ya namna hii ni dhuluma kwa dereva, na tena ni hasara kwa mwenye gari mwenyewe, kwa sababu mara nyingi chombo kilichoharibika sicho kilichoshtakiwa.

Yafaa kila mwanachama ajue oili hufikaje ndani ya maji, hata kama yeye ni karani wa tikiti. Ndani ya injini oili ina njia zake na maji yana njia zake. Mahali ambapo njia hizo hukaribiana ni pachache. Kwanza ni kipozaji cha oili, yaani kile chombo chenye mabati membamba ambamo oili ya moto hupita upande mmoja na maji upande wa pili. Injini nyingi za dizeli, kama zile za Isuzu zinazobeba matatu kubwa na malori, zinacho, nacho hukaa ubavuni mwa injini karibu na chujio la oili. Magari mengi madogo ya petroli hayana chombo hiki kabisa, kwa hiyo mwenye gari dogo aanze kwa kuuliza kama lake linacho. Pili ni gaski iliyo kati ya bloku na hedi, maana oili na maji yote hupanda kwenda juu kwa kupitia matundu ya gaski hiyo. Tatu ni chuma chenyewe cha hedi au cha bloku kikiwa na ufa. Nne, kwa magari ya gia za kujiendesha, ni ndani ya rejeta yenyewe: oili ya giaboksi huletwa kupozwa katika kijitangi cha chini au cha pembeni cha rejeta, na bomba lake likitoboka oili ile huingia majini ingawa injini ni nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Basi ukiona oili usiseme neno kwanza. Itazame rangi. Oili ya giaboksi kwa kawaida huwa nyekundu, na ikichanganyika na maji hufanya uji wa rangi ya waridi. Oili ya injini ni nyeusi au ya kahawia. Mtu aliyefungua hedi ya gari lenye uji wa waridi amekula pesa ya mwenzake bure. Na hapo hakuna kuendesha tena hata hatua moja, maana kama oili imevuka kwenda majini, maji nayo huvuka kwenda kwenye giaboksi, yakaharibu bati za klachi za ndani, na giaboksi ni ghali kuliko rejeta mara nyingi.

Kama ni oili ya injini, fikiri habari ya nguvu ya msukumo. Injini ikiwa inazunguka, pampu ya oili huisukuma oili kwa nguvu iliyo mara mbili au tatu ya nguvu ya maji, na zaidi. Kifuniko cha rejeta cha gari la Kijapani kimepigwa namba juu yake, 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo nguvu ambayo maji huruhusiwa kufika. Kwa hiyo kipozaji kikitoboka, wakati wa safari oili ndiyo huingia majini, si maji kuingia kwenye oili. Kijiti cha oili huonyesha kuwa oili inapungua lakini ni safi, huku rejeta inajaa uji. Injini ikizimwa mambo hugeuka: nguvu ya oili hushuka mpaka sifuri, lakini maji ya moto bado yana msukumo, na hapo maji kidogo huweza kurudi upande wa oili. Ndiyo sababu gari linalosimama na kuzimwa mara kwa mara huweza kuonyesha uji pande zote mbili.

Gaski ya hedi ina dalili zake. Gaski ikiungua kati ya silinda na njia ya maji, moshi wa moto husukumwa ndani ya maji. Utaona mapovu yasiyokoma katika rejeta, mipira ya maji huwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya injini baridi kuwashwa, maji humwagwa nje, na injini huchemka kwenye mlima. Kama dalili hizi hazipo, na gari linavuta vizuri, na maji hayapungui bali yanachafuka tu, mimi ningemshuku kipozaji kwanza. Sisemi gaski haiwezi kupitisha oili bila moshi. Inaweza, pale panapopita tundu la oili yenye msukumo kwenda juu. Lakini kipozaji hufunguliwa kwa bolti chache, na hedi hufunguliwa kwa kazi ya siku nzima. Mtu mwenye akili huanza na mlango ulio karibu.

Kipozaji hupimwa kwa njia rahisi sana, ambayo fundi yeyote wa Olympic au wa Gatina anaweza kuifanya. Kitoe, ziba matundu ya oili, bakiza moja la kutia upepo, kitumbukize ndani ya karai la maji ya moto, kisha tia upepo kidogo kidogo, usizidishe. Mapovu yakitoka umempata mwizi. Maji ya moto ni bora kuliko ya baridi, maana ufa mdogo hufunguka chuma kinapopata joto. Kwa upande wa gaski kuna kile kipimo cha majimaji ya buluu, ambayo yakikutana na moshi wa injini hugeuka kuwa manjano. Kuna pia geji ya kupima mgandamizo wa kila silinda: silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, mara nyingi gaski imekatika kati yao.

Tena kuna mashtaka ya uongo. Kutu huonekana kama oili kwa mtu mwenye haraka. Dondosha tone juu ya kipande cha gazeti ukiache kikauke. Oili huacha alama ya mafuta inayopitisha mwanga, kutu huacha vumbi la kahawia tu. Kulanti za aina mbili zikichanganywa zaweza kuganda kama uji. Zile dawa za kuziba matundu ya rejeta huacha matope ambayo yamewadanganya mafundi wengi. Nao ule utando wa maziwa chini ya kifuniko cha kutilia oili, mwezi wa Julai Nairobi ikiwa na baridi na gari linakwenda safari fupi fupi tu, huenda ni jasho la injini isiyopata moto wa kutosha. Tia maji ya rejeta katika chupa nyeupe, iache isimame usiku kucha. Asubuhi oili itakuwa juu, maji katikati, na matope ya kutu chini. Chupa haina shangazi wala mjomba.

Hapa nataka kuingia katika neno la chama. Chupa ile dereva aihifadhi, aandike juu yake tarehe na namba ya gari, na kama ana simu yenye kamera apige picha mbele ya makanga. Nasema hivyo kwa sababu najua kisa cha dereva mmoja wa laini ya 46, jamaa ya mwanachama wetu. Alikatwa pesa kila jumamosi kwa muda wa miezi kwa kosa la “kuua hedi”. Hedi ilibadilishwa, na uji ukarudi. Ilipofunguliwa mara ya pili ikaonekana kipozaji kimeliwa na kutu kutoka ndani, tundu dogo kama la sindano. Dereva alikuwa amekwisha kuacha kazi na pesa zake hakurudishiwa. Hana karatasi yoyote, hana chupa, hana shahidi.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika mikononi mwa mfanyakazi, lakini kwa kosa la makusudi la mfanyakazi huyo. Tena makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Sasa niulize: kipozaji kilicholiwa na kutu ni kosa la makusudi la nani? Chuma hicho huliwa kwa sababu miaka yote kimetiwa maji ya mfereji, au ya mtaroni siku ambayo mfereji umekauka, mahali pa kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu. Ni nani aliyekataa kununua kulanti kwa kuwa maji ni ya bure? Dereva hununua maji kwa mfuko wake mwenyewe, hana uwezo wa kununua dawa ya gari la tajiri. Lakini nisiwapendelee madereva. Mtu akiuona mshale wa joto umeingia kwenye nyekundu, naye akaendelea kutoka Adams mpaka mjini kwa sababu abiria wamejaa, huyo ameikunja hedi kwa mikono yake, na chama hakiwezi kumwombea.

Nasi watu wa reli tusijione tuko mbali na jambo hili. Kuchunguza oili iliyotumika ili kujua ugonjwa wa injini kabla haijafa ni kazi iliyokuzwa na watu wa reli. Reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuifanya, katika miaka ya 1940, ilipokuwa ikianza kutumia injini za dizeli. Na kabla ya hapo, enzi za stimu, ilikuwa inajulikana kwamba utando mwembamba wa mafuta ndani ya boila huzuia maji yasiguse chuma, na chuma huungua ingawa maji yamejaa. Lile Garratt kubwa lililo katika jumba la makumbusho ya reli hapa Nairobi, namba 5918, lisingevuta mzigo hata siku moja kama mafundi wake wangekuwa watu wa kukisia. Rejeta ya matatu ni jambo lile lile kwa udogo. Oili hubeba karibu nusu tu ya joto linalobebwa na maji ya uzito ule ule, nayo hupaka kuta za ndani kama blanketi.

Sasa matengenezo. Kwanza tafuta tundu uzibe, ndipo uoshe. Wengi huosha kwanza, wakafurahi siku mbili, kisha uji ukarudi. Kipozaji kilichotoboka kibadilishwe pamoja na gaski zake. Kuunga kwa gundi ni kununua matanga ya mwezi ujao. Hedi ikifunguliwa ni lazima ilazwe rula ya chuma na kupimwa kama imejikunja, na ipelekwe kupimwa ufa kabla ya gaski mpya kununuliwa. Bolti zifungwe kwa spana yenye kipimo, kwa mpango wa kiwanda, kutoka katikati kwenda nje, si kwa nguvu za mkono na kukaza meno. Tena kuna bolti ambazo kiwanda kinasema zitumike mara moja tu kwa sababu huvutika. Hizo zisirudishwe.

Kuosha ni kazi ya uvumilivu. Mwaga maji yote, toa thamostati, fungua njia ya hita, tia maji ya uvuguvugu yenye sabuni isiyofanya povu, ile ya unga ya mashine za kuoshea vyombo. Sabuni ya kufulia ya povu jingi hujaza hewa na injini huchemka. Washa injini ipate joto, zima, iache ipoe, mwaga, rudia. Mara tatu ni chache, mara sita si ajabu. Nimeona watu wakitia mafuta ya taa au petroli. Hayo huvimbisha mpira, na moto ukidaka gereji ya mabati ya Kibera hautaunguza gari moja. Wengine hutia kostiki, nayo hula aluminiamu, na hedi nyingi za siku hizi ni aluminiamu. Mipira iliyolowa oili huwa laini na kuvimba kama utumbo. Ibadilishwe yote, pamoja na kifuniko cha rejeta, na pampu ya maji itazamwe kama inavuja. Baadaye usishtuke ukiona utando mdogo wiki mbili zijazo. Ni masalio yaliyojificha kwenye kona. Fundi wa pili asimtukane wa kwanza kwa ajili ya masalio.

Neno la hatari: Nairobi iko juu sana, na hapa maji ya sufuria huchemka yakifika karibu digrii 94. Ndani ya rejeta iliyofungwa yaweza kupita hapo kwa digrii kama 20 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko gari likiwa la moto, maji hayo hugeuka mvuke mbele ya uso wako. Subiri mpaka mpira wa juu uminyike kwa mkono bila kukuunguza.

Nao uchafu unaomwagwa? Gereji za kando ya Barabara ya Naivasha na zile za karibu na Toi humwaga katika mtaro, na maji ya mitaro ya Kibera huteremkia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili mji upate maji ya akiba. Sasa ni nani awezaye kuyanywa? Kulanti ina ladha tamu. Mtoto au mbwa huinywa kwa furaha, na sumu yake huharibu figo na kuua. Watoto wanaocheza kando ya mtaro ule ni wetu, si wa Karen. Oili na kulanti vitiwe katika mitungi yenye vifuniko na kuuzwa au kupewa wanaozikusanya.

Lakini nisiwalaumu mafundi peke yao, kwa maana nao ni wafanyakazi kama sisi, hawana mshahara wala likizo wala pensheni. Tatizo kubwa nalionea katika namna tunavyowalipa. Fundi wa jua kali halipwi kwa kujua. Hulipwa kwa kufungua. Akikaa saa mbili akipima mapovu na kutazama chupa, kisha akasema “gari lako halina ugonjwa wa hedi, badilisha kipozaji”, tunampa asante na soda. Akiing’oa hedi yote, hata kama haikuwa na kosa, tunamlipa maelfu. Tukishamfundisha hivyo kwa pesa zetu wenyewe, mbona tunashangaa anapong’oa hedi? Daktari hulipwa kwa kupima hata kama hakuna upasuaji. Mimi nataka wanachama waanze desturi ya kulipa ada ya kupima, mbali na ada ya kutengeneza, na fundi aandike alichokiona kwenye karatasi na kutia sahihi. Fundi atakayekataa kuandika, mwende kwa mwingine. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia dereva siku ya kukatwa.

Naomba kamati ya tawi ilifikirie jambo moja zaidi katika mkutano ujao. Tununue kwa pesa za tawi pampu moja ya mkono ya kupima msukumo wa rejeta, kile kipimo cha majimaji ya buluu, na geji ya mgandamizo. Hivi ni vitu vya kutosha ndani ya sanduku moja, na gharama yake yote ni ndogo kuliko hedi moja iliyotumika. Sanduku likae kwa katibu. Mwanachama, au dereva wa nyumba ya mwanachama, aliazime kwa siku mbili, pamoja na fundi anayemtaka yeye mwenyewe. Ajiandike katika daftari, na kabla ya kulirudisha aoshe mipira ya pampu ile, maana mwenzake wa pili asije akapima maji safi akayakuta yana oili iliyotoka kwenye gari la wa kwanza.